Kutoa Mji: Haki ya Shairi Mbele ya Mwenye Kutafuta Jibu

1.0 Utangulizi

Katika mchezo wa vitendawili wa Waswahili, mteguaji akishindwa, mtegaji hamwambii jibu papo hapo. Humdai kwanza mji. Mteguaji hutaja mji, na kama mtegaji hakuridhika nao, huukataa na kudai mwingine. Akiupokea, huweza kujisifia jinsi alivyofika huko, akapokewa, akala na akanywa, na ndipo anapolitoa jibu mbele ya waliohudhuria. Wahakiki wa fasihi simulizi wameieleza sana sehemu hii ya mchezo, lakini aghalabu wameiona kuwa ni kionjo cha kuchangamsha hadhira. Ni nadra kuulizwa kwa nini jibu lidaiwe bei, na kwa nini bei hiyo ilipwe hadharani.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuliweka mbele ya jambo linaloelekea kuwa dogo, nalo ni mtu kulisaka shairi lisilojulikana na wengi ili apate neno moja la kukamilishia fumbo. Je, mtu huyo akilipata neno, amelijua shairi? Na kama hakulijua, amelikosea nani: shairi, mtunzi, waliolihifadhi, au nafsi yake? Hili ni swali la maadili ya usomaji kabla ya kuwa swali la mbinu za uhakiki. Kisii na Nyamira zimechaguliwa kuwa uwanja wa mjadala kwa sababu huko ushairi wa Kiswahili, na hasa ule wa lahaja za kaskazini, humfikia msomaji ukiwa tayari umevaa sura ya fumbo. Msomaji wa huko amezaliwa katika Ekegusii, amekipata Kiswahili shuleni na sokoni, na ushairi wa Kimvita au Kiamu ameukuta darasani kwa mara ya kwanza.

2.0 Mfumbuzi na Mraba Mtupu

Ichukuliwe, kwa mfano tu, hali ya mwalimu wa shule ya upili anayeishi Keroka, mji ulioko mpakani mwa Kisii na Nyamira. Mwalimu huyu ana mazoea ya kujaza chemshabongo, yaani lile fumbo la maneno la miraba ambalo Arthur Wynne alilianzishia gazeti la New York World mwezi Desemba mwaka 1913, na ambalo limeenea duniani kote tangu hapo. Kidokezo cha kwanza kinasema: malenga wa Mombasa aliyejibizana na washairi wa Lamu, herufi sita. Hili halimsumbui, anaandika MUYAKA. Kidokezo cha pili kinadai neno la kale la Kimvita lililomo katika ubeti mmoja wa malenga huyo huyo, herufi tano. Hapo kalamu inasimama.

Kuna njia tatu mbele yake. Anaweza kubahatisha kwa kutazama herufi zilizokwisha kuingia kutoka maneno yaliyokatizana nalo. Anaweza kumwuliza mwenziwe aliyekwisha kujaza, akaandika asichokijua. Au anaweza kulitafuta shairi lenyewe. Njia zote tatu zaweza kuujaza mraba kwa herufi zile zile, na hakuna atakayeutazama mraba uliojaa akaweza kusema ulijazwa kwa njia gani. Kwa hiyo tofauti baina ya njia hizi haimo katika jibu. Ikiwa ipo, imo katika uhusiano wa mtu na kile anachodai kukijua.

Ni vyema kukumbuka hapa kwamba kitendawili na fumbo la kishairi havilingani. Jibu la kitendawili ni mali ya jamii nzima. Mtoto akishindwa leo, kesho atalijua kwa kuwa wakubwa wanalijua. Fumbo la kishairi hutungwa kwa ajili ya tukio, mahali na watu maalumu. Ufumbuzi wake unategemea kujua nani alimwambia nini nani, na lini. Tukio likisahauliwa, ubeti hubaki na maneno yake yote huku maana yake ikiwa imefichika. Ndiyo maana anayelitafuta shairi la namna hii hawezi kuishia kwenye kamusi. Hulazimika kuwatafuta watu.

3.0 Njia Aliyoipita Muyaka Hadi Milimani

Muyaka bin Haji aliishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 18 na katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19. Mara nyingi huelezwa kuwa yeye ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Alitunga katika zama za uhasama baina ya Mombasa ya Wamazrui na Lamu, uhasama uliofikia kilele katika vita vya Shela mnamo mwaka 1812, na baadaye baina ya Mombasa na Seyyid Said wa Oman. Miongoni mwa walioshindana naye kwa kalamu upande wa Lamu alikuwa Zahidi Mngumi. Sehemu ya tungo za Muyaka, basi, ni majibu, na nyingine ni maswali yaliyosubiri majibu. Anayezisoma moja moja, bila ya wenzake waliomjibu, anasikia upande mmoja wa mazungumzo.

Tungo hizo hazikuchapishwa uhaini mwake. Ziliishi vichwani mwa watu wa Mombasa hadi mwishoni mwa karne ya 19, ambapo Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyekuwa mjuzi wa ushairi na wa habari za mji wake, alimsaidia mmishenari W. E. Taylor kuzikusanya na kuzifafanua. Makaratasi ya Taylor yakaishia London, katika chuo ambacho sasa kinaitwa SOAS. William Hichens akayatumia kuandaa diwani ya Muyaka iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940. Mnamo mwaka 1979, Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa jijini Nairobi uchunguzi wake wa Muyaka, ambamo beti ziliwekwa pamoja na maelezo ya mazingira ya kisiasa na kijamii yaliyozizaa.

Kwa hiyo neno moja la herufi tano analolitafuta mwalimu wa Keroka limetoka Mombasa, likapita London na Johannesburg, likarudi Nairobi, ndipo likaweza kupanda milima ya Gusii. Katika kila kituo kulikuwa na mtu aliyeona kwamba halifai kupotea. Sikujua hakuwa na mraba wa kujaza. Hakujua kuwa siku moja kutakuwa na msomaji wa Ekegusii atakayelihitaji neno hilo. Alilihifadhi kwa sababu lilikuwa katika ubeti, na ubeti ulikuwa katika shairi, na shairi lilikuwa sehemu ya maisha ya mji.

Mfumbuzi anayelichukua neno hilo na kuondoka nalo amenufaika na kazi ya watu hawa wote. Kunufaika si kosa. Shairi huhifadhiwa ili litumiwe, na hakuna mwenye haki ya kumwekea msomaji masharti ya nia kabla hajafungua kitabu. Hata hivyo, katika desturi yoyote ya Waafrika wa Mashariki, anayekula kwa mtu bila ya kumwuliza jina wala kumjulia hali huhesabiwa kuwa hana adabu. Hakuvunja sheria, ila ameonyesha kuwa aliyempa chakula hakuwa mtu machoni pake.

4.0 Walinzi wa Liyongo

Fasihi ya Kiswahili ina kisa kinachoweza kulifafanua jambo hili kuliko nadharia nyingi. Katika kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitungia utendi mwaka 1913, shujaa anafungwa gerezani. Mjakazi Saada humletea chakula kutoka kwa mamaye, na walinzi hukinyang'anya kilicho kizuri na kumwachia makombo. Liyongo anamtuma Saada kwa mamaye kwa ujumbe wa kishairi: ioke mikate mizuri, na pamoja nayo uokwe mkate wa wishwa, ndani yake mkatiwe tupa. Ujumbe huo unapita mbele ya walinzi bila ya wao kuutambua. Chakula kinapoletwa, wanakula mikate ya ngano na kumsukumia mfungwa mkate wa wishwa kwa dharau. Usiku wa gungu, matari na matoazi yakiwa yanalia, Liyongo anaikata minyororo kwa tupa hiyo.

Kwa kawaida kisa hiki hufundishwa kama mfano wa werevu wa Liyongo. Makala haya yanapendekeza kisomwe pia kwa kuwatazama walinzi. Walinzi hawakukosa maneno. Walikuwapo wakati ujumbe ukitolewa. Hawakukosa hata kitu chenyewe, kwa kuwa mkate wenye tupa ulipita mikononi mwao. Walichokikosa ni sababu ya kuujali. Walikuwa wamekwisha kuamua kilicho na thamani kabla ya kukitazama kilicholetwa, na uamuzi huo ndio uliowapofusha.

Mfumbuzi mwenye haraka ya jibu anakaribiana na walinzi hao. Analifungua shairi huku akiwa amekwisha kuamua kwamba lenye thamani humo ni neno la herufi tano. Mengine yote, yaani vina, mizani, kejeli, jina la adui, huzuni ya mji ulioshindwa vitani, kwake ni wishwa. Huenda katika wishwa hiyo mna kitu ambacho kingemfaa katika maisha yake kuliko mraba uliojaa. Lakini hawezi kukijua kwa kuwa ameusukuma mkate upande.

Ulinganisho huu una mpaka wake, na ni haki kuutaja. Walinzi walikuwa wadhalimu. Mfumbuzi si mdhalimu. Tena, mama yake Liyongo naye aliupokea ujumbe kwa ajili ya matumizi: alitaka kujua la kufanya, akalifanya. Hakukaa kuchambua urari wa vina. Hii ina maana kwamba kulitumia shairi na kuliheshimu si vitu vinavyokinzana. Mama alilitumia shairi kikamilifu kwa sababu alimjua na kumpenda aliyelitunga. Tofauti yake na walinzi ni uhusiano, wala si kwamba mmoja alikuwa msomi na wengine wajinga.

5.0 Ufunguo na Nyumba

Huenda ikasemwa kwamba hoja hii inafaa mashairi ya kale tu. La hasha. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi?, na mashairi aliyoyatunga kifungoni yakatolewa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Mojawapo, lenye kichwa Mnazi: Vuta N'kuvute, ni majibizano ya ndugu wawili, Alii na Badi, wanaougombania mnazi. Wasomaji wengi wameliona kuwa ni fumbo juu ya nchi na mgawanyo wa mali yake baada ya uhuru. Mwanafunzi akielezwa hivyo hufurahi, huandika pembezoni mwa kitabu kwamba mnazi ni nchi, kisha hufunga kitabu.

Kwa hakika hapo ndipo shairi linapoanza. Kujua kwamba mnazi unasimama mahali pa nchi hakumwambii msomaji ni nani kati ya ndugu wawili mwenye haki, wala kama kazi ya kuupanda na kuupalilia mti inampa mtu haki ya kumnyima nduguye, wala kama undugu unaweza kudumu pale ambapo mmoja anakula na mwingine anatazama. Haya ni maswali ambayo familia za Kisii na Nyamira, zenye mashamba yaliyogawanywa na kugawanywa tena baina ya wana hadi yakawa vipande, zinayafahamu bila ya kufundishwa na mhakiki. Msomaji wa milimani asiyewahi kukwea mnazi ana jambo kubwa la kuzungumza na Alii na Badi. Akiridhika na ufunguo, atakuwa ameushika mkononi bila ya kuingia nyumbani.

6.0 Pingamizi la Mtahiniwa

Pingamizi zito kuliko yote linatoka darasani. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Katika mtihani wa KCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, mtahiniwa aliwekewa shairi ambalo pengine hajapata kuliona, akatakiwa aeleze maana, bahari, uhuru wa mshairi na msamiati kwa dakika chache. Kumwambia mwanafunzi wa shule ya kutwa huko Borabu, anayetumia kitabu kimoja pamoja na wenzake kadhaa, kwamba ana wajibu wa kimaadili kwa Mwalimu Sikujua ni kama kumdhihaki. Yeye anatafuta alama. Mwongozo wa kitabu teule, wenye maswali na majibu, unapatikana kwa bei nafuu kuliko muda wa kusoma, na mzazi aliyeuza majani ya chai ili alipe karo anatarajia matokeo.

Pingamizi hili haliwezi kupuuzwa. Ni rahisi kwa mwenye maktaba kumhubiria asiye nayo. Lakini likitazamwa kwa makini, linaonyesha kwamba wajibu hauwaangukii wote kwa uzito mmoja. Mtahiniwa hawezi kulaumiwa kwa kutokuwa na diwani ya mwaka 1940. Anachoweza kudaiwa ni kidogo zaidi, nacho kimo katika uwezo wa kila mtu, awe na kitabu au asiwe nacho: asidai kujua asichokijua. Na anayemfundisha ana wajibu mkubwa zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayempa mwanafunzi mfano wa namna ya kuwa mbele ya shairi. Mwalimu anayeingia darasani na jibu la mwongozo, akalitoa kana kwamba ni matunda ya usomaji wake, hufundisha jambo moja bila ya kulitamka, nalo ni kwamba ujuzi ni kuonekana umejua. Somo hilo hudumu hata bahari na mizani zikisahauliwa. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kuingizwa mwaka 2017, ulibadili namna ya kupima. Haukuliondoa swali hili, kwa kuwa swali lenyewe halikuletwa na mtihani.

Hapa ndipo desturi ya kutoa mji inapofunua hekima yake. Mtoto anayetoa mji hakufeli. Amesema hadharani kwamba hajui, amelipa, na jibu analopewa sasa ni lake kwa haki. Yule aliyenong'onezwa jibu na mwenziwe akalitamka kwa sauti ameshinda raundi moja, lakini amejinyima kitu ambacho aliyeshindwa amekipata: kusikilizishwa jibu na mtu anayelijua. Mchezo huu uliweka mahali pa heshima kwa asiyejua, na darasa la fasihi, katika milima ya Gusii kama kwingineko, aghalabu halina mahali hapo.

7.0 Herufi Tano za Gusii

Ili isidhaniwe kwamba ni shairi la pwani tu linalodai heshima hii kwa watu wa bara, na lifikiriwe fumbo kutoka upande wa pili. Mjazaji wa chemshabongo huko Mombasa anakutana na kidokezo hiki: mwonaji wa kike wa Gusii aliyehusishwa na upinzani wa mwaka 1908, herufi tano. Anauliza, anaambiwa, anaandika MORAA. Mraba umejaa.

Je, amejua nini? Mnamo Januari 1908, Otenyo alimchoma kwa mkuki ofisa wa Kiingereza G. A. S. Northcote, na masimulizi ya Wagusii yanasema kwamba Moraa ndiye aliyempa moyo. Northcote alipona, akapanda vyeo katika utumishi wa dola yake hadi kuwa gavana wa Hong Kong mwaka 1937. Kwa Wagusii kilichofuata ni msafara wa kuadhibu: watu waliuawa, nyumba zikateketezwa na mifugo ikachukuliwa. Masimulizi yanaongeza kwamba kichwa cha Otenyo kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na wazao wameendelea kukiuliza. Mtu wa Kisii au Nyamira akiona jina la Moraa likijazwa kwenye miraba na mtu asiyejali lolote kati ya haya, atahisi kitu ambacho si hasira hasa. Atahisi kwamba jina limechukuliwa na watu wake wakaachwa.

Hisia hiyo ndiyo ambayo Mmvita ana haki ya kuwa nayo neno la Muyaka linapochomolewa kutoka ubetini na kuingizwa katika orodha ya msamiati mgumu huko Nyamira. Deni ni la pande zote mbili. Tena mfano wa Otenyo unaonyesha kwamba yapo maswali ambayo yeyote atakayejifanya kuwa na jibu lake la haraka atawadhulumu wanaolisubiri. Kuyatolea mji maswali ya namna hiyo ni sehemu ya kuwaheshimu wenyewe.

8.0 Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba ni vibaya kulisaka shairi kwa ajili ya fumbo. Kinyume chake, huenda wasomaji wengi wazuri waliingia katika ushairi kwa mlango mdogo kama huo: neno lililowatatiza, swali la mtihani, ubishi wa barazani. Kosa, pale linapokuwapo, halimo katika nia ya kuanzia. Limo katika mahali pa kukomea. Mwalimu wa Keroka akilipata neno lake la herufi tano, kisha akausoma ubeti hadi mwisho, akamtaja Muyaka na waliomhifadhi, na kesho yake akawaambia wanafunzi wake ni kipi bado hakijamwelea, atakuwa amelitendea shairi haki kwa kiasi cha uwezo wake. Hahitaji kuwa bingwa wa Kimvita.

Hadithi ya kale ya Wayunani inasema kwamba Homer, akiwa mzee katika kisiwa cha Ios, alitegewa kitendawili na vijana wavuvi, akashindwa kukitegua, na kushindwa huko kukahusishwa na kifo chake. Wavuvi walikuwa wakizungumzia chawa tu. Mtunzi mkuu wa Ulaya alikufa, kwa mujibu wa hadithi hiyo, katika utamaduni ambao haukumpa njia ya kushindwa kwa heshima. Angalikuwa katika baraza la Mombasa, au mbele ya watoto wa Nyamira waliofundishwa mchezo huu wa Waswahili shuleni, angalidaiwa mji. Angalitaja mmoja, pengine wa kwao, vijana wangalikwenda wakala wakanywa, na mzee angaliambiwa jibu akacheka pamoja nao.